Nungu Anakula kwa Wapi?

Benchi letu hapa kijijini Ankorana ni gogo la ubavuni la ngalawa ya marehemu baba, lile linaloelea pembeni ili chombo kisipinduke. Ngalawa yenyewe ilishaoza. Gogo likabaki, tukaliweka juu ya matofali mbele ya jiko langu, na sasa kazi yake ni kuzuia wanaume wasipinduke kwa maneno. Halifaulu kila siku. Mimi ni Soazara, nauza kahawa ya maziwa ya kopo na vitumbua, na nikishajipaka liwa usoni asubuhi sicheki mpaka ikauke, kwa hiyo wananiogopa kidogo. Wa kudumu ni wanne. Yuko Redio, ambaye hajawahi kumaliza habari moja bila kufungua nyingine. Yuko Padri, aliyepiga kengele ya kanisa ujanani mwake mjini Toliara na mpaka leo anadai ilibaki kidogo tu awe askofu. Yuko Fundi, anayetengeneza mashine za boti na kuamini kwamba kila kilichoumbwa na Mungu kina plagi mahali fulani. Na yuko kaka yangu mkubwa, Tsirondaza, tunayemwita Dira kwa kuwa hajawahi kupotea baharini, hata kwenye ukungu. Asubuhi hiyo Dira alikuwa amekaa mwisho kabisa wa gogo, ameinamia kikombe, kofia ameishusha mpaka kwenye nyusi.

— Kaka, kahawa inapoa, nikamwambia.

— Iache ipoe.

— Wewe hunywi kahawa iliyopoa.

— Leo nitainywa.

Redio alikuwa anajikunakuna magoti. Siri ikimkaa tumboni huwashwa mwili mzima.

— Jamani, mbona tunazungukazunguka? Kijiji kizima kinajua. Watoto wa shule wamemwita Masikoro.

Kwetu sisi Wavezo hilo si neno dogo. Wamasikoro ni majirani zetu wa bara, watu wa mahindi na ng'ombe, na hatuna ugomvi nao, tunaoana nao kila siku. Ila Mvezo hazaliwi Mvezo. Anakuwa Mvezo kwa kuijua bahari, na siku akitapika kwenye mawimbi, au akafunga tanga vibaya, au akasahau jina la samaki, watu watamwambia, leo umekuwa Masikoro. Husemwa kwa utani, na huchoma. Kaka yangu alikuwa ameambiwa hivyo jana yake mbele ya darasa zima, na mjukuu wake Fitia amekaa dawati la mbele.

Mwalimu ndiye aliyeyaanzisha, na aliyaanzisha kwa nia njema. Mwalimu Tahiry ni Masikoro wa kuzaliwa, msichana mpole aliyeletwa kwetu mwaka huu. Alitaka watoto wajifunze habari za viumbe wa chini ya bahari, akaja hapa kwenye gogo, akapiga goti kidogo, akasema kwao ni ng'ombe, haya yake hayamruhusu kumfundisha Mvezo bahari, basi mmoja wa wazee aje awaeleze watoto. Wote wanne wakajiona wanafaa. Mwisho akachaguliwa Dira, na akaenda amevaa shati la Pasaka.

— Hebu simulia mwenyewe, Padri akamwambia. Anayeungama husamehewa.

— Kwani mimi nimetenda dhambi gani?

— Mtu asiye na dhambi havai kofia mpaka puani.

Dira akaivuta kofia juu kidogo. Macho yake yalikuwa mekundu. Hakulala, nilijua, maana nyumba zetu zinapakana na nilimsikia akikohoa mpaka jogoo anawika.

— Nilianza vizuri, akasema. Niliwaambia nungu wa baharini ana miiba, ukimkanyaga usikimbie, utaisukumia ndani. Wakaitikia. Nikawaambia kiti cha pweza, yule wa umbo la nyota, ana mikono mitano, jongoo wa baharini hana hata mmoja. Wakaitikia. Kisha katoto kamoja ka kwa Lahimena kakanyoosha kidole. Kakasema, babu, nungu anakula kwa wapi?

— Ukasemaje?

— Nikasema kwa juu. Si ana kitundu pale juu? Nakiona tangu mdogo.

— Sawasawa kabisa, akasema Redio.

— Kakaniuliza, na choo anatolea wapi?

Fundi akakichekea kikombe chake.

— Nikasema hapohapo.

Gogo likatikisika kwa kicheko. Hata mimi liwa ilinipasuka mashavuni. Dira peke yake hakucheka, na alipoona tumenyamaza akaendelea, kwa sauti ya mtu anayesoma majina ya waliozama.

— Wakasema, kwa hiyo babu, anakula choo chake? Nikasema Mungu ndiye ajuaye. Wakauliza, kiti cha pweza ana macho? Nikasema kiti hakina macho. Wakauliza, anapumua kwa wapi? Hapo nikakohoa. Nikaomba maji. Nikayanywa yote, na swali bado liko palepale. Ndipo nikasikia mmoja nyuma anasema polepole, babu yake Fitia ni Masikoro. Na Mwalimu, Masikoro mwenyewe, akainamia meza asionekane anacheka.

— Na Fitia? nikauliza, ingawa nilijua.

— Fitia alitazama dawati.

Huyo mtoto amelelewa na kaka yangu tangu mama yake alipokwenda Mahajanga kutafuta kazi. Kila jioni hukaa juu ya nyayo za babu yake na kumuuliza upepo huu unaitwaje, wimbi hili linatoka wapi, na babu hujibu. Kwake hakuna mtu anayejua kitu duniani kuliko yule mzee mwenye kofia. Jana usiku alikula amempa mgongo. Na asubuhi, kabla sijawasha moto, nilimsikia kwa masikio yangu mlangoni akimwambia, babu, usije leo kwenye mwamba.

Maana maji yalikuwa yamekupwa sana, na Mwalimu alikuwa anawapeleka watoto wakawaone viumbe wenyewe kwa macho. Dira ndiye aliyekuwa awaongoze.

— Aliniambia kwa heshima, akasema kaka yangu. Angenitukana ningejua la kufanya. Aliniambia kwa heshima, kama unavyomwambia mgonjwa asitoke nje. Na mchana nimeahidi kurudi darasani kuyamaliza yale maswali. Nikikosea tena, dada, yule mtoto sijui kama atakaa tena miguuni kwangu.

Fundi akavuta pumzi, akaweka kikombe chini.

— Basi tumfunze. Maji hayajaanza kujaa. Watakaporudi huyu mzee awe amekamilika.

— Mtamfunza nyinyi? nikasema. Kipofu amshike mkono kipofu mwenzake?

— Dada Soa, we mimina kahawa, sisi tumimine elimu. Sasa sikilizeni. Mashine yoyote ina pa kuingilia mafuta na pa kutolea moshi. Haiwezi kuwa tundu moja, itazimika. Yule nungu, tundu la juu ni la moshi. Mdomo uko chini.

— Chini kuna mwamba, akasema Padri.

— Ndiyo.

— Sasa nani anakula amebana mdomo ukutani? Mungu hakuumba kiumbe ili kimlambe miguu jiwe.

— Nimeyaona meno yake, nakwambia. Matano, yanakutana hivi.

Akakusanya ncha za vidole vyake pamoja.

— Umeyaona wapi?

— Kwenye sahani.

— Kwenye sahani kila kitu kina meno, ukiwa na njaa.

Redio akawanyamazisha kwa mkono.

— Acheni masihara, hii mimi najua. Nungu hana mdomo kabisa. Anakula kwa miiba. Kila mwiba ni mrija, unafyonza kidogo kidogo. Ndiyo maana akapewa mingi hivyo. Haba na haba hujaza kibaba.

— Miiba ni mirija, akarudia Dira, midomo ikicheza, anakariri.

— Usikariri upuuzi, kaka, nikamwambia.

— Basi niambie wewe, dada. Wewe ndiye unayewapasua.

Hapo akanipata. Nungu nimewapasua tangu sijaota meno ya pili. Kisu huingia, nageuza, nakung'uta maji, nakomba yale ya manjano, nakamulia ndimu. Nikajaribu kukumbuka kama niliwahi kuona mdomo. Nilikumbuka ladha, basi. Nikaona haya, nikainamia jiko nikajifanya napuliza makaa.

— Unaona, akasema Redio. Hata mpishi hajui. Twende kwa kiti cha pweza.

— Huyo ni wangu, akasema Padri. Siku ya nne Mungu aliumba nyota. Ziko zilizojivuna zikaanguka. Hizo ndizo. Ndiyo maana zimelala kimya, zinatubu.

— Watoto watauliza anakula nini.

— Anayetubu anafunga.

— Hafungi wala nini, akasema Fundi. Nilimwona mmoja amemkumbatia chaza. Anamvuta, anamvuta, chaza akichoka akaachia ufa kidogo tu, huyo bwana akalitoa tumbo lake nje, akalipenyeza humo ndani.

— Tumbo lake? Nje?

— Nje kabisa. Anakula nje ya nyumba, akishiba analirudisha ndani.

— Huo ni utovu wa adabu, akasema Padri. Watoto wasiambiwe.

— Na ukimkata mkono unaota mwingine, akaongeza Redio. Hilo msibishe, shemeji yangu alijaribu.

— Ndiyo hivyo, Padri akasema. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Huyu akivunjika guu anaota jipya. Kwa hiyo ni kiumbe asiyesikia la mkuu kwa makusudi, maana hana hasara.

Dira alikuwa anamtazama huyu, anamtazama yule, kama mtu anayenunua kitu asichojua bei yake. Nilimwonea huruma, na nilikuwa na hasira naye pia. Nikamuuliza kilichonikaa rohoni tangu jana.

— Kaka, kwa nini hukusema tu hujui?

— Mbele ya Fitia?

— Mbele ya Fitia.

— Alikuwa ananitazama, akasema. Wewe hukuona alivyokuwa ananitazama. Kabla ya swali la kwanza alikuwa amewageukia wenzake, kidevu juu, yaani ngojeni mmsikie babu yangu. Ningesema sijui kwa mdomo gani?

Akanywa ile kahawa baridi, akakunja uso.

— Nimepita juu ya vichwa vya hao wadudu maisha yangu yote. Nyota za juu nazijua moja moja. Hizi za chini sikuzitazama. Kisichoingia kwenye chungu mimi sikukitazama, dada. Naona aibu mpaka tumboni.

Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia kaka yangu akilitaja neno hilo. Padri akamsogezea kitumbua, yeye ambaye hajawahi kumsogezea mtu kitu.

— Usife moyo, mzee. Bado jongoo.

— Ee, jongoo, akasema Redio. Sasa hili nalisema kwa sauti ya chini kwa sababu ya dada hapa. Kule kaskazini wanakofuga jongoo wa baharini kuna bwana mmoja aliniambia. Jongoo anapumua kwa nyuma.

— Nyuma ya nini?

— Nyuma, bana. Pa kukalia.

Fundi akapaliwa. Padri akafanya ishara ya msalaba.

— Sijamaliza. Na kuna samaki mdogo, mwembamba, anaishi humohumo.

— Humo wapi?

— Mlangoni. Usiku anatoka kutafuta riziki, alfajiri anarudi kulala. Jongoo akivuta pumzi tu, jamaa kaingia.

Hapo ndipo gogo lilikaribia kutumwaga wote. Fundi alilia machozi. Padri akasema chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na kwa kuwa jongoo hatembei basi ni chema, ila mpangaji wake ndiye mwenye kasoro. Mimi nilikuwa nimeshika birika kwa mikono miwili nisiimwage. Kisha nikamwona Dira.

— Sasa hilo ndilo nikawaambie watoto? akasema. Nisimame na nywele zangu nyeupe niseme samaki analala makalioni mwa jongoo? Na Fitia yuko mbele?

Tukaacha kucheka, mmoja mmoja. Redio mwenyewe alionekana kujuta, na Redio akijuta dawa yake ni kuongeza uongo mkubwa zaidi.

— Basi nakupa kitu cha kuwanyamazisha wote. Mwalimu mwenyewe atakaa chini. Hawa watatu ni ukoo mmoja.

— Nani na nani?

— Nungu, kiti cha pweza na jongoo. Baba mmoja, mama mmoja.

— Redio, umelala wapi leo?

— Nisikilizeni. Mchukue nungu, mnyoe miiba. Unaona nini? Dada Soa, lete lile ganda.

Nina ganda la nungu ambalo nimelitundika kibandani kwa urembo. Nikalitungua, nikampa. Akaligeuza juani. Kuna mistari ya vitundu vidogo vidogo kutoka juu hadi chini, na Redio akaipitia kwa ukucha, akihesabu kwa sauti.

— Mitano. Sasa huyu mbonyeze awe bapa, kisha uvute zile kona tano. Umepata nani? Kiti cha pweza. Mwingine usimbonyeze, mlaze ubavu, mvute mpaka awe mrefu. Umepata nani?

Fundi akalichukua ganda, akahesabu mwenyewe. Akahesabu tena. Akampa Padri.

— Mtoto wa nyoka ni nyoka, akasema Padri polepole.

— Hiyo inahusiana vipi?

— Sijui, lakini nahisi inafaa.

Nadhani kila mmoja wetu aliamini. Angeishia hapo Redio angekuwa mwalimu. Lakini Redio haishii.

— Na wewe Dira, nyoosha mkono. Una vidole vingapi? Unaona? Vitano. Kwa hiyo sisi nasi tumo. Jana hukuwa Masikoro, mzee wangu. Jana ulikuwa unajadili mambo ya nyumbani, ukaona haya kutoa siri za familia.

Padri akamrushia kipande cha kitumbua. Wakaanza kubishana iwapo pweza, mwenye mikono minane, naye ni mjomba au ni mwenye kiti tu, na Fundi akasema mikono mitatu ya ziada ni ya spea. Dira akawaacha. Alikuwa amelishika lile ganda kwenye kiganja, analipitisha kidole mstari hadi mstari, na nikaona amesahau kidogo uchungu wake.

Ndipo watoto wakaanza kupita. Walitoka baharini wamelowa, wanakimbia kwenda shuleni, wanapiga kelele, na mchanga umewajaa miguuni. Wa mwisho kabisa akaja Mwalimu Tahiry, sketi imelowa mpaka magotini, kandambili mkononi. Akakata kona kuja kwetu. Nyuma yake, hatua chache, alikuwepo Fitia, akasimama karibu na nyavu za jirani zilizoanikwa, hakuja karibu.

— Mgeni njoo, mwenyeji apone, akasema Padri, na safari hii methali ilikuwa mahali pake. Karibu Mwalimu, kaa.

— Asanteni, wazee. Shikamooni. Sikai, nimelowa.

Dira akasimama. Akavua kofia.

— Mwalimu, kuhusu mdomo wa nungu, akaanza. Nilisema juu. Nadhani...

— Ah, hilo tumeshaliona, mzee, Mwalimu akasema, bila ubaya wowote. Watoto walimgeuza mmoja kwa kijiti, taratibu. Uko chini. Ana meno matano. Wakamtazama, wakamrudisha alivyokuwa.

Fundi akajipiga paja, akatutazama mmoja mmoja. Ilikuwa wazi kwamba tungeisikia habari hiyo mpaka mwaka ujao. Dira akatikisa kichwa. Sijui kama ni aibu au ni nafuu. Nadhani zote mbili.

— Nimekuja na swali lingine, Mwalimu akaendelea. Watoto wamebishana njia nzima, na mimi kama mnavyojua ni mtu wa ng'ombe. Mliniambia viumbe wengi hukaa chini ya mawe. Tukaenda mpaka upande ule wa mwamba uliofunguliwa juzi. Mawe yote yamelala chali.

Akageuza kiganja chake chali, kutuonyesha.

— Upande wa chini ndio uko juu. Na vilivyokuwa vimeshikilia hapo vimekauka juani, vimekuwa vyeupe, vinanuka. Watoto walitafuta kiti cha pweza hata mmoja mzima, wakapata mikono tu. Jiwe baada ya jiwe, mpaka mwisho. Wengine wakasema ni dhoruba, lakini mimi sikusikia dhoruba. Sasa nauliza, huwa ni nani anayageuza?

Nikamtazama usoni nione kama anatutega. Hakuwa anatutega. Aliuliza kama mtu anavyouliza njia.

Upande ule wa mwamba kijiji chenyewe kiliufunga kwa sheria, ili pweza wakue. Siku ya kuufungua tuliwamwagia wahenga pombe ya miwa, tukaomba radhi, kisha tukakimbia. Kuchokoa mwamba kwetu ni kazi ya wanawake na watoto, na mama zetu walitufunza kwamba jiwe ukiligeuza unalirudisha kama ulivyolikuta, kwa sababu ni paa la nyumba ya mtu. Safari hii wanaume nao waliingia, na mitaimbo. Fundi ndiye aliyeichonga ncha. Padri alikuwepo, Redio alikuwepo. Dira ndiye aliyetangulia mbele, kwa kuwa anaujua mwamba kuliko wote. Waling'oa jiwe, wakachomoa pweza, wakalikimbilia jingine kabla mwenzao hajalifikia, na sisi wanawake tulipoona hivyo nasi tukafanya vilevile. Hakuna aliyerudi nyuma kulilaza jiwe hata moja. Pweza wa siku ile walikuwa wananing'inia kwenye kamba yangu nyuma ya gogo wakati Mwalimu anauliza, bado hawajakauka vizuri.

Redio alikuwa anatazama ndani ya kikombe kitupu. Padri alitafuta methali, niliona midomo yake ikitafuta, haikupata. Fundi akaficha mikono yake katikati ya magoti. Mimi nilisimama na birika, na nilitamani kusema jambo, lolote, na liwa usoni ilinibana kama ngozi ya mtu mwingine.

— Nilimuuliza Fitia, Mwalimu akasema. Wenzake walikuwa wamemwanza tena, Masikoro, Masikoro. Akapanda juu ya jiwe. Akawaambia, mdomo wa nungu hakuujua, sawa, lakini mwamba huu babu yangu anaujua jiwe kwa jiwe, na hili analijua. Twendeni tukamuulize. Nikamwambia basi nitauliza mimi.

Akageuka kumtazama mtoto pale kwenye nyavu. Sote tukageuka. Fitia alikuwa amesimama wima, gauni limemgandia, kidevu juu. Alikuwa anatabasamu, kwa mara ya kwanza tangu jana.

— Ni kweli, mzee? Unajua?

Dira alikuwa bado amesimama, kofia mkononi. Redio akaegemea upande wake, akanong'ona, lakini mimi nilimsikia.

— Sema bahari. Sema ni bahari, mzee, waende zao.

Kaka yangu hakumtazama. Alikuwa anamtazama mjukuu wake.

— Najua, akasema. Si dhoruba, wala si bahari.

Mwalimu akangoja. Fitia akaacha nyavu, akaja mpaka karibu kabisa na gogo, asije akakosa hata neno.